Nyoka Aliyekamuliwa

Dar es Salaam,
12 Februari 1994

Mpendwa Mjomba Ambilikile,

Shikamoo. Huku joto limetubana lakini afya ninayo, na nadhani mvua ya Mpuguso bado inakugongea bati kama nilivyoiacha Krismasi. Nimesikia dada Prisca, mke wa Nelson, ana mimba. Nelson ameniandikia habari hiyo mwishoni mwa barua yake, mstari mmoja tu, kama mtu anayetaja bei ya ndizi. Baada ya miaka yote ile ya kuombewa, kweli hiyo ni habari ya mstari mmoja? Mwambie mwanao kwamba nimelia kwa furaha, chumbani peke yangu. Wewe uliyetulea sahani moja, yeye mwanao na mimi yatima wa dada yako, utanielewa.

Sasa la kazi. Sumu imefika salama, ile ya nyoka wadogo wa kijani wanaojificha kwenye michai. Nelson ameikausha vizuri kama nilivyomfundisha. Mjomba, inachefua. Ikiwa kavu ina rangi ya usaha uliogandia kwenye bandeji, na ukiilowesha inatoa harufu ya mdomo wa mgonjwa. Nikirudi bwenini mwenzangu wa chumba anafungua dirisha kabla hajanisalimia. Profesa wangu yeye anakula maandazi pembeni ya mirija, anajifutia vidole kwenye koti jeupe, halafu anaendelea kushika.

Uliniuliza Krismasi natafuta nini humo, nami nikajibu kwa haraka. Sumu si kitu kimoja. Ni mchanganyiko, na kila kilichomo kina kazi yake. Mimi natafuta kimeng'enya kimoja tu, kile kinachoharibu damu. Nataka nikitenge na vingine vyote mpaka kibaki peke yake, kisha nikijue tabia: ukubwa wake, joto kinalovumilia, kitu gani kinakizuia. Hapo ndipo mtu anaweza kuanza kufikiria dawa.

Lakini nyoka mmoja anatoa tone tu. Nimemwomba Nelson asiwaue, awaweke hai awakamue tena na tena. Na wewe nina ombi. Mchumaji wa chai akiumwa, unitolee damu yake kidogo. Wewe umekaa zahanati miaka mingi, mkono wako haukosei mshipa.

Mwanao,
Atuganile


Mpuguso,
6 Machi 1994

Mwanangu Atuganile,

Marahaba. Tupo, tunakula ndizi na kusali. Migomba miwili ya nyuma ya jiko imeangushwa na upepo. Prisca anaendelea vizuri, ana hamu ya udongo na samaki wa Kyela, mwili umempendeza. Jumapili alisimama kanisani kushukuru, mama wote wakapiga vigelegele.

Zahanati ya shamba la chai imefungwa. Wenye shamba wapya wamesema biashara yao ni chai, si vidonge. Funguo nilizikabidhi mwenyewe. Mchumaji akiumwa sasa ajitafutie njia mpaka hospitali ya Makandana.

Kuhusu damu: hapana. Mtu anatoka damu kwenye ufizi, anamwita mama yake, mimi niiname na sindano nimwambie subiri kwanza nichukue ya Atuganile? Usiniombe tena.

Na lipo lingine. Juzi nilikwenda kwa Nelson. Nyoka wako wamo ndani ya nyumba, kwenye viroba, chini ya kitanda wanacholalia. Nilikaribishwa chakula, harufu ikanifikia kabla ya sahani. Anawakamua kila siku. Anawabana kichwa wang'ate mpira aliouvisha kwenye glasi, mpaka midomo yao imeoza na kutoa uchafu. Wakifa anawatupa kijitoni, pale pale wanawake wanapochota maji. Nilimwambia, "Nelson, mkeo ana mimba, watoe hawa." Akacheka. "Baba, huu ni wakati wa biashara huria. Kuna mtu wa pikapu kutoka Arusha anawanunua wakiwa hai, anawapeleka Ulaya. Atuganile anachukua sumu, yule anachukua nyoka. Mimi nikose nini?"

Sikula. Nilisema nimeshiba nikatoka, nikatapika kwenye shamba la kahawa la jirani.

Mimi hanisikii. Wewe msomi anakusikia. Mwandikie awatoe.

Mjomba wako,
Ambilikile


Dar es Salaam,
2 Aprili 1994

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo, na pole kwa migomba na kwa zahanati. Nasikitika umetapika. Mimi mwenyewe nimezoea mpaka najiogopa. Mwambie Prisca udongo apunguze.

Nimefika mahali pazuri. Nina bomba la kioo lililojaa unga laini uliolowa. Namimina sumu juu, inashuka polepole, na vitu vyake vinaachana njiani kama watu wanaotoka kanisani kila mmoja na mwendo wake. Chini napokea matone kwenye mirija. Mirija mingi haina lolote. Michache ya katikati, nikiidondoshea kwenye maji ya damu, yanaganda papo hapo kama uji. Ndicho kimeng'enya changu. Kinavyomwua mtu ni kwamba kinagandisha damu vipande vidogo vidogo mwilini mpaka kile kitu cha kugandishia kinaisha chote, na baada ya hapo damu inabaki maji, inatoka popote ilipopata upenyo. Nikikichemsha kinakufa.

Profesa amefurahi. Kuna wenzake wa nje wameanza kuuliza habari zetu.

Kuhusu viroba, nitamwandikia Nelson atengeneze sanduku la mbao lenye wavu. Ila nakuomba usimkatishe tamaa sasa hivi. Nimebakiza kidogo. Akiacha mwezi huu kazi ya mwaka mzima inalala.

Mwanao,
Atuganile


Mpuguso,
16 Juni 1994

Atuganile,

Huku hatujambo.

Uliomba damu. Imo kwenye chupa ya chai, na barafu kutoka hospitali. Nimempa dereva wa basi mkononi. Ni ya mwanamke aliyeumwa kidoleni. Usiniulize zaidi.

Ambilikile


Dar es Salaam,
4 Julai 1994

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Barua yako ilikuwa fupi mpaka nikaigeuza kutazama nyuma. Unaumwa? Na mbona hujasema habari za Prisca? Kwa hesabu yangu anajifungua mwezi huu. Natuma sweta la mtoto na kitenge, vipo kwenye kifurushi hiki hiki. Sweta nimelifuma mwenyewe, mkono mmoja umezidi mwingine, mnicheke.

Ndaga fijo, asante sana, kwa damu. Hukujua umenipa nini. Kile kitu cha kugandishia hakimo kabisa, kimeliwa chote, na alama za kimeng'enya changu zimo. Nilichokiona kwenye mirija nimekiona sasa ndani ya binadamu. Profesa aliishika ile chupa akainua kwenye taa, akasema, "Hii ndiyo sampuli." Halafu akaniuliza kama hatuwezi kupata wengine watano au sita. Alisema kama anayeagiza mayai. Nilijisikia vibaya, lakini nilimwogopa, nikarudi kuandika namba kwenye chupa.

Yule mwanamke ilikuwaje? Amepona? Nahitaji kuandika mwisho wake.

Mwanao,
Atuganile


Mpuguso,
28 Agosti 1994

Atuganile,

Salamu zako nimezipata, na sweta tumelipata. Nimelipeleka kwa mke wa mchungaji, ana wajukuu.

Unataka kuandika mwisho wa yule mwanamke. Ni Prisca.

Panya walitoboa kiroba. Prisca aliingiza mkono chini ya kitanda kuvuta kapu aliloweka nguo za mtoto. Alinisimulia mwenyewe kwamba alidhani amechomwa na sindano ya kushonea. Alipotoa mkono, kinyoka kilikuwa kinaning'inia kwenye kidole cha shahada. Kidogo, kizuri, kijani kama jani la chai jipya. Nelson akakikung'uta, akakitazama, akasema, "Hiki nimekikamua jana. Hakina kitu. Tulia." Akamfunga kidole na kitambaa, akamkorogea chai, akaenda kumpokea mtu wa pikapu.

Prisca alitulia, kwa kuwa mumewe alimwambia atulie. Jioni alikuja kwangu kwa miguu. Alisimama mlangoni, akasema, "Tata, baba yangu, meno yangu yana ladha ya chuma." Nikamwambia afungue mdomo. Ufizi wote ulikuwa unatoka damu. Mkono ulikuwa umevimba mpaka kiwikoni na ngozi inang'aa.

Tulimbeba kwa machela na vijana wa kwaya mpaka barabarani, tukapata lori la chai. Makandana muuguzi Ambwene aliitia damu yake kwenye mrija wa kioo akauweka mezani. Tulikaa tunautazama. Haikuganda. Akauinamisha, damu ikateremka kama maji ya rosela. Dawa ya nyoka wa aina hiyo hawana. Wakatoa damu kwetu, mimi na mchungaji na wanakwaya wawili, wakamwongezea. Hiyo ndiyo iliyomrudisha. Mtoto alikuwa amekwisha kufia tumboni. Wa kiume. Alimzaa hivyo hivyo, na damu haikutaka kukoma.

Nilikuwa nimekaa kando ya kitanda, viatu vyangu vimelowa. Nikaikumbuka barua yako. Nikamwomba Ambwene anipe iliyobaki kwenye sindano ya kile kipimo cha kwanza. Sijui kwa nini. Nadhani nilitaka uishike. Ulivyoandika kwamba umefurahi, nilichukia hata mwandiko wako.

Nelson sasa anazunguka na yule mtu wa Arusha. Prisca nimemrudisha kwangu. Kidole kimekatwa.

Nina swali moja. Nelson anasema ni wewe uliyemwambia Krismasi kwamba nyoka akishakamuliwa hana kitu. Ni kweli?

Ambilikile


Dar es Salaam,
19 Septemba 1994

Mjomba,

Nimeandika barua hii mara nyingi nikaichana. Poleni. Neno hilo ni dogo mpaka linanitia kinyaa kuliandika.

Nilikwenda kwenye chumba cha baridi nikaitazama ile chupa. Ina namba niliyoiandika kwa mkono wangu, kwa kalamu nyekundu, na chini yake nimechora nyota kwa sababu ilikuwa nzuri kuliko zote. Nilimweleza Profesa kwamba ni damu ya ndugu yangu na sitaki itumike. Akasema, "Pole sana. Lakini kwenye karatasi ni namba tu, hakuna atakayemjua." Wale wenzake wa nje wanataka picha za matokeo yake.

Nitaimwaga mkitaka. Mniambie tu. Na sumu sitapokea tena kutoka kwa Nelson, nimemwandikia. Nimeanza kuandika karatasi ya kuwapelekea wauguzi wa Makandana, kuhusu huyu nyoka na anavyoharibu damu.

Nisalimie Prisca, kama anakubali salamu zangu.

Atuganile


Mpuguso,
30 Oktoba 1994

Atuganile,

Barua yako tumeipata. Prisca anapika tena, anashika mwiko kwa mkono wa kushoto.

Nimemsomea barua yako. Alikuwa anamenya ndizi, hakuinua uso. Mwishoni akasema, "Asiimwage. Ni yangu na ya mwanangu. Tulikuwa hatujatengana ilipochukuliwa. Mwanangu amezikwa na akina mama wa kanisa mimi sina fahamu, sikumwona. Airudishe, aje nayo mwenyewe, asimpe dereva."

Kisha akaniuliza, "Na lile swali lako, amelijibu?"

Nikaigeuza barua, nikaisoma tena. Hukulijibu.

Ambilikile


Dar es Salaam,
3 Desemba 1994

Mjomba,

Shikamoo. Nafika Tukuyu siku chache kabla ya Krismasi, na chupa nitakuja nayo. Profesa alikataa. Nimeichukua hata hivyo, na karatasi zote zenye matokeo yake nimezichana mbele yake. Sura nzima ya kazi yangu imekwenda. Amesema hatanisimamia tena, nitafute mwingine. Sioni kama ni jambo la kuhurumiwa.

Swali lako. Nataka ulijue kabla sijaingia nyumbani kwako, ili ukitaka kufunga mlango ufunge.

Krismasi Nelson alikuwa anatetemeka kumshika nyoka wa kwanza. Nikamwambia, "Ukishamkamua hana kitu, ni kama mjusi." Nilisema ili asiogope. Sikuwa na uhakika, ila nilisema kwa sauti ya msomi.

Hilo lingekuwa kosa la kutojua. Lakini Nelson alikuwa ananitumia vichupa viwili viwili, cha siku ya kwanza na cha kesho yake. Mwezi wa pili nilivipima. Cha kesho yake kilikuwa kidogo, lakini kiligandisha vile vile, kwa nguvu ile ile. Nyoka hamalizi sumu yake, Mjomba. Niliona kwa macho yangu. Sikumwandikia Nelson kwa sababu nilijua akiogopa ataacha. Na uliponiomba nimwambie awatoe nyoka, sikumwambia lolote. Ile barua niliyosema nitaiandika sikuiandika.

Atuganile


Mpuguso,
15 Januari 1995

Atuganile,

Natumaini ulifika salama na umepata msimamizi mwingine. Mvua haijakatika hapa.

Siku zile ulipokuwa nyumbani sikusema na wewe zaidi ya kukuonyesha pa kulala, kwa hiyo naandika sasa. Nilipokuona unamweleza Prisca yote pale jikoni, hukujipunguzia hata neno, nilikuchukia na nikakuheshimu kwa pamoja, na hali hiyo bado ninayo. Nilidhani atakupiga. Alipokuuliza tu, "Ungeandika barua moja, leo ningekuwa nanyonyesha?" nawe ukasema ndiyo, nilitoka nje. Sikuweza kusikiliza.

Shimo la kuzikia ile chupa, kando ya kaburi la mtoto, Prisca alilichimba mwenyewe kwa mkono ule wenye vidole vinne, mimi na wewe tumesimama. Asubuhi yake ulipoondoka alilala kutwa nzima. Tangu siku hiyo analala usiku.

Ile karatasi yako Ambwene ameibandika ukutani hospitali. Prisca naye amejitwisha kazi. Anapita kwa wachumaji wakati wa mapumziko, anawaambia kwa Kinyakyusa, nyoka aliyekamuliwa bado ni nyoka, na ukiumwa usingoje jioni. Wakibisha anainua mkono. Wiki iliyopita mama mmoja wa Mpuguso aliumwa na kufika Makandana mchana ule ule. Yuko hai, anaendelea vizuri.

Nelson alikuja na kilo ya nyama na shati jipya. Alinuka viroba. Nilimrudishia nyama yake mlangoni.

Mimi sijakusamehe. Prisca amesema nikuandikie hivyo hivyo, usije ukadhani yamekwisha. Halafu amesema nikwambie uje Pasaka, na uje na kalamu, kwa sababu wachumaji wana maswali na yeye hajui majibu yote.

Mjomba wako,
Ambilikile